Mvumo wa Sikioni Unaofuata Pigo la Moyo



Mama mmoja mwenye umri wa miaka 34 alitueleza jambo lililokuwa likimsumbua tangu Ramadhani. Kila alipokwenda sijda alisikia katika sikio la kulia mvumo mfano wa maji yapitayo ndani ya bomba. Haukuwa mvumo wa mfululizo, bali ulikuja na kukatika sambamba na pigo la moyo wake. Alipoinuka, macho yalimwingia giza kwa sekunde mbili tatu, kisha mwanga ukamrudia. Jamaa zake walikuwa na jibu tayari: ni upepo. Akasomewa, akanyweshwa kombe, na mvumo ukabaki pale pale.

Hatuandiki haya kupinga kisomo. Tunachokipinga ni kutosheka na kisomo peke yake hadi wakati wa tiba ukapita.

Sikio la ndani limehifadhiwa ndani ya mfupa mgumu wa kando ya kichwa. Humo mna kiungo cha kusikia, kilichojikunja mfano wa konokono, na vijifereji 3 vinavyotutunzia mizani ya mwili. Ng'ambo ya mfupa huo hupita njia kuu ya damu itokayo kichwani kurudi moyoni, ambayo huteremka shingoni kwa mshipa mkubwa wa vena. Kwa kawaida damu hii hupita kimya. Njia ikiwa nyembamba, au mfupa wa kati ukiwa umelika, au damu ikienda mbio kupita kiasi, mkondo huchafuka kama maji yafikapo penye mwamba, na sikio jirani likausikia mchafuko huo.

Basi usiuchanganye na ule mlio wa kawaida unaolia mfululizo kama nyenje. Mvumo wa vena hufuata moyo, na mara nyingi hupungua mtu akigeuza kichwa au shingo ikibonyezwa taratibu upande ule ule. Kubonyeza huko tuwaachie matabibu, kwani ateri ipelekayo damu ubongoni ipo papo hapo.

Sababu iliyo nyepesi kutibu ni upungufu wa damu. Damu ikipungua, moyo huisukuma kwa kasi zaidi ili mwili utosheke. Wajawazito na wanaotokwa na hedhi nyingi wanalijua tatizo hili. Kipimo chake ni cha tone la damu tu, nacho hupatikana hata katika zahanati ndogo.

Sababu inayotutia hofu ni nyingine: shinikizo la maji yanayouzunguka ubongo. Maradhi haya huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa na wenye uzito mkubwa, hasa uzito ulioongezeka karibuni. Wengi wao wakipigwa picha za kichwa, huonekana mishipa ya vena ya nyuma ya kichwa imebanwa. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, mvumo tuliousimulia, na macho kuingia giza kwa muda mfupi wakati wa kuinama au kuinuka. Dawa ya doxycycline na vitamini A iliyozidi kipimo huweza pia kuyaleta. Shinikizo hilo huukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho, na uoni ukipotea kwa njia hii huenda usirudi. Ndiyo maana mwenye mvumo wa sikioni hupelekwa kwa daktari wa macho, jambo linalowashangaza wengi. Daktari huchungulia nyuma ya jicho kwa taa, bila kisu wala sindano.

Na mzazi aliye ndani ya arubaini akishikwa na maumivu makali ya kichwa, pamoja na kutapika, kifafa au udhaifu wa upande mmoja, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Huenda damu imeganda katika vena za kichwa. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kizunguzungu nacho kina habari yake. Aghalabu hutokana na chembechembe ndogo zilizohama mahali pake ndani ya sikio, na tabibu huzirudisha kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2009 daktari wa Italia, Paolo Zamboni, alidai kwamba vena za shingo zilizobanwa huchangia ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis. Baadaye wengine wakaivuta nadharia hiyo hadi kwenye ugonjwa wa sikio wa Ménière, wakazipanua vena hizo kwa mpira. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba upanuzi huo umewahi kuleta madhara makubwa na vifo, na jaribio la Italia lililochapishwa 2017 halikuona faida yake kwa wagonjwa wa neva. Kwa upande wa sikio, ushahidi haujatosheleza. Familia inayofikiria kuuza kiwanja kwa ajili ya safari ya tiba hiyo, imuulize kwanza daktari wa masikio.

Mama yetu alikutwa na uvimbe katika mishipa ya fahamu ya macho yote mawili. Alipewa dawa ya acetazolamide na kushauriwa kupunguza uzito, naye anapunguza, ingawa anasema sahani ya viazi karai ndiyo mtihani wake mkubwa. Siku ambazo kichwa kinamzidi huswali juu ya kiti, ruhusa ambayo sheria imempa. Mvumo umefifia. Ukingo wa uoni wa jicho la kulia haukurudi.