Serengeti si Jukwaa la Maigizo

Mwaka 2019 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha mfululizo wa filamu uitwao "Serengeti", kazi ya John Downer na Simon Fuller. Huyu wa pili ndiye aliyevuma kwa mashindano ya waimbaji katika televisheni. Hapana ubishi kwamba picha zake ni nzuri ajabu. Zinamwonyesha simba na watoto wake kwa namna ambayo mwalimu wa sayansi hawezi kuifikia kwa chaki na ubao. Ndiyo maana kosa lake linauma zaidi.

Kosa lenyewe ni kwamba watengenezaji hawakuridhika kuonyesha. Walitaka kutunga hekaya. Nyani akapewa jina la Bakari, akafanywa mchumba aliyenyang'anywa mpenzi. Simba jike akaitwa Kali, akawa mama aliyetengwa na ndugu zake. Muziki ukatiwa kumwelekeza mtazamaji wapi ahuzunike na wapi acheke. Wenyewe hawakuficha kwamba wametia maigizo. Lakini mwanafunzi atatenganishaje kile kamera ilichokiona na kile mtunzi alichokibuni mezani? Aweza kutoka akiyajua machungu ya Bakari, asijue ni kwa nini nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kila mwaka wakifuata mvua na majani mabichi.

Liko kosa zito zaidi. Majina ya wanyama hao ni ya watu wa Afrika Mashariki, lakini watu wenyewe hawamo. Kasumba hii ni ya zamani. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ya mwaka 1959, iliyoitangaza Serengeti duniani na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ilitetea hifadhi isiyokaliwa na watu. Na katika miaka hiyohiyo Wamasai waliondolewa humo.

Wenye filamu hizo wangefika Machochwe, Wilaya ya Serengeti, jirani na mpaka wa hifadhi. Huko tembo si mhusika wa hadithi. Ni mnyama anayevuka mpaka usiku na kuingia katika mahindi, na mkulima hukesha akipiga madebe ili watoto wake wasilale njaa. Mkulima huyo anazijua njia za tembo na majira yake. Je, hayo si maarifa? Na mtoto wake akiitazama filamu hiyo, atajifunza nini ila kwamba nyani Bakari ana kwao Serengeti, na yeye hana?

Kwa hiyo mwalimu azitumie picha hizo, lakini apunguze sauti na kueleza mwenyewe. Na wanaotoa vibali vya kupiga filamu katika hifadhi zetu waweke sharti: iwepo nakala ya Kiswahili, yenye maelezo ya watafiti, askari wa wanyamapori na wazee wa vijiji vya mpakani. Mgeni anayekuja kupiga picha nyumbani kwa watu hana budi kuwataja wenyeji.