Kuvunja mkataba wa pango: Fedha za mpangaji zisiachwe kwenye huruma

TANGU Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, mji wa Bariadi umekuwa makao makuu ya mkoa, na pamoja na hadhi hiyo wamekuja watumishi wa umma, wafanyakazi wa benki na wafanyabiashara wa pamba. Wengi wao ni wapangaji, na wengi wanaweza kuondoka wakati wowote, kwa uhamisho au kwa msimu kumalizika.

Hapo ndipo linapoanza tatizo. Kama ilivyo katika miji mingi nchini, kodi hulipwa kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka. Barua ya uhamisho inapofika mwezi wa tano, mpangaji huuliza hatima ya fedha zake, na mwenye nyumba hujibu kwamba zimekwisha kutumika.

Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kwa sehemu kubwa, mambo yamebaki mikononi mwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sheria ya Mikataba na makubaliano ya pande mbili. Makubaliano yakiwa kimya, kila upande hudai haki yake.

Hata hivyo, Sheria ya Mikataba haimpi mwenye nyumba fursa ya kula mara mbili. Anayeumizwa na uvunjaji wa mkataba hufidiwa hasara halisi, na hupimwa pia kama alichukua hatua za kuipunguza. Chukulia mfano wa nyumba ya Sh100,000 kwa mwezi iliyolipiwa mwaka mzima, yaani Sh1,200,000. Mpangaji akihama baada ya miezi mitano, zimebaki Sh700,000. Mpangaji mpya akiingia baada ya mwezi mmoja kwa kodi ile ile, hasara ya pango ni Sh100,000, si zote.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Huenda fedha hizo alizitumia kumalizia chumba kingine au kulipa ada za shule, na kuzidai kwa siku moja ni kumbana. Ndiyo maana mazungumzo hufaa yafanyike kabla ya kukabidhiwa funguo. Mambo ya kuandika ni machache: notisi ya mwezi mmoja, makato yanayokubalika, haki ya mpangaji kuleta mrithi wake kwa ridhaa ya mwenye nyumba, na muda wa kurejesha salio.

Njia ya mabaraza ni ndefu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu. Maamuzi ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtumishi anayetakiwa kuripoti kituo kipya hana nafasi ya kuhudhuria mashauri Simiyu. Kwake, aya moja katika mkataba ina thamani kuliko kesi anayoweza kushinda akiwa mbali.