Kosa la Mae si bima ya baba yake

Wako wanaomhukumu Mae Holland tangu kurasa za mwanzo za The Circle, riwaya ya Mmarekani Dave Eggers iliyotoka mwaka 2013. Husema ni msichana mwenye tamaa, aliyeuza siri zake kwa kampuni kubwa ya intaneti huko California ili apate cheo. Mimi nasema wanamwonea, na kosa lake lenyewe hawalioni.

Baba yake ni mgonjwa wa mishipa ya fahamu, ugonjwa usiopona, na bima yake ya zamani inamsumbua. Kampuni inawaingiza wazazi wote wawili katika bima yake. Ndugu msomaji, wewe uliyepanga foleni na kadi ya chakula mkononi, ukataja jina, kijiji na idadi ya watoto, utamlaumu vipi binti huyo kwa kukubali kuandikwa na kuhesabiwa? Mwenye shida hachagui masharti. Sisi tuliosomea kambini hatuhitaji kuelezwa hilo. Hata kamera anayovaa shingoni, baada ya kunaswa akichukua mtumbwi usiku bila idhini ya mwenyewe, naweza kuisamehe, ingawa hapo sifa imekwishaanza kumnogea. Aibu ni yake mwenyewe.

Mambo yanaharibika anapoanza kutoa visivyo vyake. Anaingia nyumbani na kamera ile, na ulimwengu unawaona wazazi wake katika faragha ya ndoa yao. Kisha kuna Mercer, mpenzi wake wa zamani, fundi wa kutengeneza taa kwa pembe za kulungu. Alimwambia wazi kwamba hataki kutangazwa, akamwandikia na barua, mwishowe akahama kwenda kujificha. Mae anasimama jukwaani kuonesha jinsi kampuni inavyoweza kumpata mtu yeyote duniani, na anamchagua yeye. Katika filamu ya mwaka 2017 ni umati unaomsukuma; kitabuni ni hiari yake. Ndege ndogo zisizo na rubani zinamfukuza Mercer hadi anaporomosha gari lake darajani na kufa. Mae anarudi kazini.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Programu za mikopo ya simu ziliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni. Mkopaji alibonyeza kukubali, akapata fedha za kununulia vitenge au dagaa. Alipochelewa kulipa, waliopigiwa simu na kuaibishwa walikuwa shemeji, mteja, pengine mwalimu wa mtoto wake. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipiga marufuku usumbufu huo, na ni vyema. Lakini kanuni inamshika mkopeshaji. Shemeji hakuulizwa na yeyote, hata na yule aliyekuwa na namba yake.

Utasema mkopaji hakujua. Labda. Mae alijua. Mwishoni mmoja wa waanzilishi wa kampuni anamwomba amsaidie kuizuia, naye anamsaliti. Kisha anaketi kando ya kitanda cha Annie, rafiki yake aliyepoteza fahamu, yule yule aliyempatia kazi na kuwasaidia wazazi wake kupata bima. Anamtazama, anakereka kwamba hawezi kujua Annie anawaza nini.