Mwalimu Sikujua na Mgeni Wake

Aghalabu wahakiki wanapoutaja ushairi wa Muyaka bin Haji, jina la W. E. Taylor hufuata papo hapo. La Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi huja kwa mbali, iwapo litakuja. Hapa pana dhuluma.

Taylor aliwasili Mombasa mwaka wa 1880, mmisionari Mwingereza katika mji wa Kiislamu. Alikuja kuhubiri. Nani angetarajia kwamba angefungamana kwa suhuba na mwanachuoni wa dini ile ile aliyotaka kuipinga? Muyaka alikuwa amefariki yapata miaka 40 nyuma, na tungo zake zilikuwa hatarini kupotea. Sikujua ndiye aliyejua pa kuuliza. Alizikusanya, akazifafanua, na Taylor akazinakili kwa hati za Kirumi. William Hichens alipoichapisha diwani hiyo mwaka wa 1940, wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Wapo watakaodai kwamba huo haukuwa urafiki bali kazi tu: mmoja mtafiti, mwingine msailiwa. Dai hilo halina mashiko. Tungo za Muyaka zimejaa mafumbo ya siasa za Mombasa, za Mazrui na Busaidi, na mafumbo ya aina hiyo hayafumbuliwi mbele ya mtu asiyeaminika. Isitoshe, neno "msailiwa" lenyewe lina kasoro. Anayekusanya, akachuja na kufasiri ni mhariri. Mwenye kuandika tasnifu juu ya Muyaka hana budi kumtaja hivyo katika matini, si tanbihini.