Kipimo kingine si tiba ya hofu

Mwandishi wa makala kuhusu wasiwasi wa afya yuko sahihi kwamba mwenye wasiwasi huo, yaani hofu ya kudumu ya kuwa na ugonjwa mkubwa hata pale vipimo visipoonyesha kitu, haigizi maumivu yake. Lakini wachangiaji wa maoni wanaoshauri apimwe tena na tena hawajaangalia yanayotokea katika baadhi ya zahanati na maabara ndogo za Malindi na Kilifi. Humo mtu mwenye uchovu usioelezeka au maumivu ya tumbo yasiyokoma aghalabu hupimwa Widal, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za homa ya matumbo, ambazo huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, hivyo jibu moja pekee halithibitishi ugonjwa, na bado mtu huyo huondoka na antibiotiki pamoja na jina la maradhi ambayo pengine hana. Dalili zisipokwisha, hofu huzidi. Wanaombeza mganga wa mburuga, yaani mpiga ramli wa Kimijikenda, wakumbuke kwamba angalau yeye humpa mgonjwa maelezo ya chanzo cha mateso yake, jambo ambalo foleni ya hospitali haitoi nafasi yake. Na hilo ni pengo la kusikitisha, kwa kuwa mwenye wasiwasi wa afya, akishachunguzwa kikamilifu mara moja, hufaidika zaidi na tiba ya mazungumzo na kurudi kwa daktari yuleyule kwa tarehe iliyopangwa, hata kama dalili hazijazidi.