Msiandike tu "alijitolea"

Manze, nimesoma vijitabu vya mazishi vingi mpaka naweza kukuandikia kimoja nikiwa nimefunga macho. Picha ya marehemu akitabasamu, maua ya zambarau pembeni. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akabarikiwa na watoto wanne. Alikuwa mama mwenye upendo, mcha Mungu, mpatanishi. Halafu linakuja lile neno: alijitolea. Kwa familia, kwa kanisa, kwa watoto wa mtaa. Amina, tuimbe.

Cha Mathe wangu kilikuwa hivyo hivyo. Sina kesi na kamati. Walichanga, wakatafuta gari, wakapika, wakalala kwetu wiki nzima. Lakini hilo neno moja limenikaa kooni tangu tumzike, juu naona linaficha kitu.

Mathe alifundisha chekechea Kayole kwa miaka 24. Darasa lilikuwa kanisa la mabati. Jumatatu hadi Ijumaa ni bebi klasi, Jumapili ni ibada, kwa hivyo kila Ijumaa jioni chati zinashushwa na viti vya plastiki vinapangwa, kisha Jumapili usiku kila kitu kinarudishwa. Chati zenyewe ni magunia yaliyopasuliwa, yakafuliwa, yakaandikwa kwa kalamu nene. Hesabu ilifundishwa kwa vizibo vya soda na bia, na kazi ya kuviokota ilikuwa yetu. Mama wa kanisa anatuma watoto wake nje ya baa saa kumi na mbili asubuhi, na haoni ubaya. Nyumbani tulikuwa na vizibo vingi kuliko vijiko.

Watoto walikuwa kama hamsini, mwalimu ni yeye. Alikuwa anajua nani hajakula kwa kuangalia tu vile anashika penseli. Aliwafundisha kushika hiyo penseli, kusema "naomba", kwenda choo bila kuogopa, ba be bi bo bu. Ukifika darasa la kwanza unaonekana mwerevu, na sifa anachukua mwalimu wa darasa la kwanza.

Na malipo? Mzazi mwenye pesa analipa. Asiye nayo analeta mkaa, au sukuma, au hadithi. Mwaka 2003 Kibaki alipoleta elimu ya msingi bila malipo, watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini ile bure ilianzia darasa la kwanza. Chekechea iliachiwa mzazi, na mzazi wa Kayole akaiachia Mathe. Katiba ya 2010 ikaweka elimu ya chekechea chini ya kaunti, na kuna walimu walioajiriwa huko, ingawa hata wao tumewaona barabarani mara kadhaa wakidai mishahara. Mathe hakuwa kwa kaunti. Alikuwa kwa mabati. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa na TSC akistaafu ana pensheni. Mathe alistaafu na magunia.

Kwa hivyo unaposema "alijitolea", unasema ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba kuna watu wengi, wakiwemo wenye uwezo, waliopata kazi ya bei rahisi na wakaipa jina zuri. Jina lenyewe ni wito. Umewahi kusikia fundi wa mfereji akiambiwa ana wito? Anaambiwa, "Ni pesa ngapi?" Wito wanapewa mwalimu wa watoto wadogo, mama wa nyumbani, na yule dada anayepanga viti kanisani. Angalia ni akina nani hao.

Najua mtasema mwenyewe hakulalamika. Ni kweli. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawadai wazazi, akaniambia malipo yake yako mbinguni. Na aliamini, si maneno ya kujifariji. Alikuwa anaamka saa kumi usiku, anapiga magoti kando ya jiko, anataja majina ya wanafunzi wake mmoja mmoja hadi unga unaumuka. Imani yake ndiyo ilimpa nguvu na sitaruhusu mtu aicheke. Shida yangu ni watu wanaotumia mbinguni kama M-Pesa: wao wanapokea huduma hapa, Mungu atume pesa.

Huo unga ulikuwa wa mandazi. Aliyauza kwa geti kabla ya darasa, na ndiyo yalilipa karo yetu. Sekondari yangu nzima ilikaangwa kwenye sufuria moja. Chuo kikuu mandazi yalishindwa, nikatoka mwaka wa pili. Mathe hakulia. Aliniuliza tu, "Sasa utakuwa unasoma nini?" Na nikianza hii kazi ya kuandika, akawa ananitumia sauti kwa simu akisahihisha: "Ni vitu vyangu, baba, si vitu zangu. Watoto wanakusoma."

Usidhani namchora kama mtu wa kuhurumiwa. Alipenda kazi yake kuliko watu wengi ninaowajua wenye mishahara minono. Ukitaka kumuona amekasirika, mwambie "anachunga watoto". Alikuwa anajibu, "Mbuzi ndio huchungwa."

Ningeandika mimi kile kijitabu, ningeweka idadi ya miaka na ukubwa wa darasa. Ningesema aliamka saa kumi, alifanya kazi mbili, hakuwa na barua ya ajira wala NSSF, na wazazi walipoficha nyuso zao mwisho wa mwezi aliendelea kuwapokea watoto wao. Ingesomwa mbele ya hao wazazi, na kuna ambao wangeangalia viatu.

Sasa darasa limechukuliwa na msichana wa miaka 22, mmoja wa waliohesabu vizibo vyetu. Nilipita wiki jana kumpelekea magunia. Alikuwa anafagia, watoto wameenda. Nikamuuliza analipwa ngapi. Akacheka, akasema muhula huu wamelipa kumi na moja, na pasta amemwambia ana wito kama wa Mathe.