Alipatia, na bado akaungua

KIBINDONI
Na Rashidi Mkwizu

Mpwa wangu ni fundi simu pale Makumbusho. Mwezi uliopita alipokea mchezo, shilingi 500,000, na kabla wiki haijaisha akanipigia simu saa tano na nusu usiku. Kijana akimpigia mjomba wake saa hizo, ujue amefiwa au amekamatwa. Huyu alikuwa ameunguza akaunti.

"Shikamoo, Anko. Ila nilikuwa sahihi."

Hilo "ila" ndilo lililonifanya niwashe taa.

Asubuhi nilimfuata kibandani. Katikati ya vioo vilivyopasuka na chupa za gundi akanifungulia chati. Alikuwa amebai bitcoin kwa levereji ya mara 50: ameweka dhamana ya laki mbili, ukumbi wa kununulia sarafu ukamkopesha zilizobaki hadi dau likawa milioni 10. Bei ikateleza kidogo, haikufika hata asilimia mbili, mfumo ukamfungia biashara na kuichukua dhamana yote. Baada ya dakika arobaini bei iligeuka, ikapanda, ikapita hadi pale alipokuwa amepanga kuchukua faida. Akaikimbilia na laki tatu zilizobaki, kwa hasira, mara 75. Kumbe ilikuwa imeshachoka kupanda. Robo saa haikuisha.

Kwa wanaobeti nitaeleza hivi. Umeipa Simba ushindi. Dakika ya kumi Simba inafungwa bao, na kampuni inauchana mkeka wako palepale. Simba ikimaliza tatu kwa moja, wewe haikuhusu, ulishatolewa uwanjani. (Mimi ni Yanga, lakini mfano ni mfano.) Gawanya 100 kwa levereji yako, utapata asilimia ambayo bei ikienda kinyume nawe umekwisha, na kwa kweli unakwisha kabla haijatimia, maana ukumbi nao hujiwekea akiba. Kwa mara 50 ni asilimia mbili. Bitcoin hutembea asilimia mbili siku ambayo hakuna habari yoyote.

Nikamwomba daftari la kozi. Alilipia 150,000. Kurasa thelathini na kitu za vinara vya chati: vyenye mkia, visivyo na mkia, vilivyomezana, vyote vimechorwa vizuri kwa kalamu ya kijani na nyekundu. Kuhusu hasara palikuwa na mistari mitatu: tumia stopu losi (agizo la kufunga biashara bei ikifika mahali ulipopanga), usitumie hela ya ada ya mtoto, uwe na nidhamu. Nikamuuliza, stopu losi unaiweka wapi? Na ukishaiweka, dau linakuwa shilingi ngapi? Akamtazama mteja aliyekuwa anasubiri chaji.

Simlaumu. Mwalimu wake yuko kwenye kundi la Telegram na kila jioni anatuma picha ya faida ya asilimia 300. Picha yenyewe si lazima iwe ya uongo. Kwa levereji ya mara 50, bei ikisogea asilimia sita, skrini itaandika 300, kwa sababu inahesabu dhamana, haihesabu mtaji wako wote. Aliyeweka dhamana ya dola moja amepata dola tatu, nauli ya siku mbili. Halafu kumbi nyingi humpa aliyekuleta sehemu ya ada unazokatwa, na ada hukatwa kwenye dau zima, hazikatwi kwenye dhamana. Ukitozwa asilimia 0.05 kuingia na 0.05 kutoka, kwa mara 50 umeshatoa asilimia tano ya dhamana kabla bei haijasogea popote. Ukiungua, mwalimu ameshalipwa. Ukirudi kulipiza, analipwa tena.

Basi tukageuza ukurasa mpya, tukafanya hesabu ambayo kozi iliiruka. Tulijifanya laki tano bado ipo. Swali la kwanza halihusu faida: nikikosea, niko tayari kuumia kiasi gani? Tukasema asilimia moja, yaani 5,000. Swali la pili: bei ikifika wapi nitakiri kwamba nimekosea? Alitazama chati, akasema asilimia nne chini ya pale alipoingia, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi walipoishikilia juma lililopita. Swali la tatu linajijibu: dau gani likipungua asilimia nne linatoa 5,000? Ni 125,000.

Alirudia kwenye kikokotoo mara mbili. "Anko, sasa hapa levereji iko wapi?"

Haipo. Mtaji ni laki tano, dau halifiki hata laki moja na nusu, hakuna cha kukopa. Hata angesema anakubali kuumia asilimia mbili, na stopu iwe karibu kabisa, asilimia moja tu, dau lingekuwa milioni moja, yaani mara mbili ya mtaji. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, iliwawekea wananchi wa kawaida ukomo wa levereji kwa mikataba ya sarafu za kidijitali kama bitcoin: mara mbili, mwisho. Ilishaona kwamba katika mikataba ya aina hiyo, kwa sarafu na bidhaa nyingine, akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za watu wa kawaida hupoteza. Uingereza haikutaka hata hiyo mara mbili. Kuanzia Januari 2021 ilipiga marufuku kabisa kuwauzia mikataba hiyo. Mpwa wangu angeifikia namba ya ESMA akiwa amekaa juu ya kreti ya soda.

Kwa hiyo nikisikia mtu anajitapa kwamba anatumia mara 100 "lakini nina usimamizi mzuri wa hatari", namuomba daftari. Mara nyingi daftari halipo.

Stopu losi nayo si kinga. Ijumaa ya Oktoba 10, 2025, ikikaribia saa sita usiku kwetu, Donald Trump alitangaza ushuru wa nyongeza wa asilimia 100 kwa bidhaa za China. Sarafu zikaporomoka, na ndani ya saa 24 madau ya zaidi ya dola bilioni 19 yalifungwa kwa nguvu. Kwenye baadhi ya sarafu ndogo wanunuzi walitoweka kwa dakika kadhaa, na stopu zikajibiwa chini sana kuliko zilipowekwa. Wapo waliokuwa upande wa faida nao wakafungiwa biashara zao, ili ukumbi uzibe pengo. Watu wa huku walikuwa wamelala. Na ukumbi wa FTX ulipoanguka Novemba 2022, waliokuwa na stopu na wasiokuwa nayo walijikuta nje ya mlango mmoja. Hesabu yoyote ya hatari ianze na kiasi unachokiacha nyumbani.

Huku kwetu, Benki Kuu ilishatangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Dirisha la kulipa lipo. La kwenda kulia sijaliona.

Mchezo mwingine wa mpwa wangu uko mbali, na dada yangu ameniapisha nisimkopeshe hata mia. Anafanya biashara kwenye daftari tu, kwa laki tano ya kufikirika na hatari ya 5,000 kila anapoingia. Juzi alinionyesha kumi za kwanza. Alikosea saba. Tatu alizopatia, kila moja ilimpa 10,000. Amebakiwa na 495,000.